Yakiudoni ya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kukaanga Tambi Nene za Kijapani kwa Dakika 20

Yakiudoni ni tambi nene za ngano ambazo huchemshwa kwanza, kisha hukaangwa kwa moto mkali pamoja na nyama, kabichi na mchuzi wa soya. Neno yaki la Kijapani hutaja kitu kilichochomwa au kukaangwa, na udoni ndizo tambi zenyewe. Habari inayosimuliwa zaidi kuhusu asili ya chakula hiki inaturudisha Kokura, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Kitakyushu kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu: inasemekana kwamba baada ya vita kumalizika mwaka 1945, mkahawa mmoja wa hapo ulikosa tambi za kupikia yakisoba, chakula kingine cha tambi za kukaanga, ukachukua udoni kavu zilizokuwapo, ukazichemsha na kuzikaanga badala yake. Naitaja habari hii kwa sababu inaeleza vizuri tabia ya chakula chenyewe. Kimetokana na jiko lililopungukiwa, na mpaka leo kinapikwa kwa vitu vichache, katika kikaango kimoja, kwa muda mfupi.

Wepesi huo, hata hivyo, una sharti lake. Wengi wanaopika yakiudoni kwa mara ya kwanza hupata tambi zilizovimba na kugandamana, zikielea katika mchuzi mwepesi wa kahawia, wakadhani kwamba wamekosea vipimo vya viungo. Mimi pia nilihangaika na viungo kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba tatizo lilikuwa maji. Udoni zilizochemshwa hubeba maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake, kabichi ina zaidi ya asilimia 90, na pale maji yanapokuwapo juu ya kikaango, joto la chakula halipandi kupita nyuzi 100 za Selsiasi mpaka maji hayo yaondoke kwa mvuke. Rangi ya kahawia na harufu nzuri ya kitu kilichokaangwa, ambazo hutokana na protini na sukari kukutana katika joto kali, huhitaji takribani nyuzi 140. Mpishi wa yakiudoni anapaswa basi kuyatawala maji: ayapunguze kabla ya kukaanga, ayape nafasi ya kutoka haraka wakati wa kukaanga, na asiyaongeze pasipo sababu. Karibu kila agizo lililomo katika mwongozo huu linatokana na hilo.

Kuchagua na kuandaa tambi

Udoni hutengenezwa kwa unga wa ngano, maji na chumvi, basi. Hupatikana kwa sura tatu: zilizokaushwa, zilizochemshwa na kufungwa katika pakiti, na zilizogandishwa. Zote zinafaa, lakini kila moja ina namna yake ya kuandaliwa, na anayezichanganya namna hizo huharibu chakula kabla hata ya kuwasha moto wa kukaangia.

Udoni kavu ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kwa watu wawili, pima gramu 170, ambazo zikishachemshwa zitakaribia gramu 400. Tia maji yasiyopungua lita 2 katika sufuria kubwa na uyaache yachemke sawasawa kabla ya kutumbukiza tambi. Usitie chumvi. Unga wa udoni hukandwa kwa chumvi nyingi ili ushikamane na kuvutika, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huhamia kwenye maji wakati wa kuchemsha. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya udoni hayafai kuongezewa kwenye mchuzi kama wafanyavyo wapishi wa tambi za Kiitalia. Koroga taratibu katika dakika ya kwanza ili tambi zisishikane, kisha punguza moto kiasi cha kuzuia povu lisimwagike, na uzitoe dakika 1 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa zitaendelea kuiva kikaangoni.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mimina tambi kwenye chujio, fungulia maji baridi juu yake, na zinapokuwa zimepoa kiasi cha kushikika, zisugue kwa viganja vyako kwa upole, kama mtu anayefua kitambaa laini, mpaka ule utelezi wa juu uishe na maji yanayotoka yawe maangavu. Utelezi huo ni wanga. Ukiachwa, utageuka gundi mara tu tambi zitakapokutana na joto la kikaango, na hakuna kiasi cha mafuta kitakachozitenganisha bila kuzikata. Ukimaliza, tikisa chujio kwa nguvu, liache juu ya bakuli kwa dakika 5 hivi, kisha changanya tambi na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Zikiguswa zinapaswa kuwa na unyevu mdogo tu, zisiwe zinadondosha maji.

Tambi za pakiti zilizokwisha kuchemshwa ni nyepesi kwa kazi lakini hukatika haraka, maana wanga wake umekazana kwa baridi. Usizing'ang'anie kuzitenganisha kwa vidole zikiwa baridi. Ziweke katika chujio, zimwagie maji ya moto kwa nusu dakika, zitaachiana zenyewe. Maji hayo pia huondoa ule uchachu mdogo unaotokana na asidi inayotiwa ili zisiharibike. Zilizogandishwa, ambazo kwa maoni yangu ndizo bora kuliko zote kwa kukaanga, hutumbukizwa katika maji yanayochemka zikiwa bado barafu, kwa muda wa dakika 1, kisha huchujwa. Ubora wake unatokana na kugandishwa mara tu baada ya kuchemshwa, wakati nje ni laini na kiini bado ni kigumu kidogo. Tena nyingi huchanganywa na wanga wa muhogo, unaozipa mvutiko unaostahimili kugeuzwageuzwa. Usiziache ziyeyuke zenyewe mezani, kwa sababu zikiyeyuka polepole hupoteza mvutiko huo na kuwa za kumung'unyika.

Ukikosa udoni kabisa, tambi yoyote nene ya ngano itafanya kazi, ingawa hutapata ule utafunaji wa udoni. Jihadhari tu na neno soba. Yakisoba, ndugu wa karibu wa chakula hiki, hupikwa kwa tambi za ngano zilizokandwa kwa maji yenye magadi, na soba halisi, zinazotengenezwa kwa unga wa mbegu za mmea uitwao vilevile soba, ni dhaifu na huvunjika zikikaangwa namna hii.

Mahitaji mengine

Kwa watu wawili utahitaji gramu 150 za nyama iliyokatwa vipande vyembamba, gramu 150 za kabichi, nusu ya kitunguu maji, karoti moja ndogo, uyoga wa kujaza kiganja kimoja, na vitunguu vya majani viwili au vitatu. Nchini Japani nyama inayotumika zaidi ni ya tumbo la nguruwe, kwa sababu mafuta yake huyeyuka na kuwa ndiyo ya kukaangia. Paja la kuku, nyama ya ng'ombe au kamba hufaa vilevile, ila hapo utahitaji kuongeza mafuta kidogo. Weka pia vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta, ambayo hutiwa mwishoni kabisa kwa kuwa harufu yake hupotea kwenye moto mkali. Kijiko cha chakula katika mwongozo huu ni mililita 15, na cha chai ni mililita 5.

Juu ya chakula kilichoiva hunyunyizwa katsuobushi, yaani minofu ya samaki wa jamii ya jodari iliyochemshwa, ikafukizwa moshi, ikakaushwa hadi ikawa ngumu kama ubao, kisha ikarandwa kuwa magamba membamba sana. Wengine wanaweza kuiona ni pambo, lakini ndiyo inayokamilisha ladha. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alitambua kwamba ladha nono ya supu ya mwani wa kombu inatokana na glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaonyesha kwamba ladha ya katsuobushi inatokana na kitu kingine, inosinati. Vitu hivi viwili vikikutana mdomoni hukuzana, kila kimoja kikiifanya ladha ya mwenzake ihisike zaidi. Mchuzi wa soya una glutamati kwa wingi, na kiganja kidogo cha katsuobushi huleta kile kilichokosekana.

Mchuzi

Changanya katika kikombe kidogo vijiko viwili vya chakula vya mchuzi wa soya, kijiko kimoja cha chakula cha mirini, na vijiko viwili vya chai vya mchuzi wa chaza. Mirini ni kinywaji kitamu cha mchele kinachotumika jikoni, na ile halisi ina kileo cha asilimia 14 hivi. Asiyetumia kileo, au asiyeipata, ayeyushe kijiko kimoja cha chai cha sukari katika vijiko viwili vya chai vya maji. Mng'ao utapungua kidogo, lakini ulinganifu wa chumvi na utamu utabaki.

Soma kibandiko cha chupa ya soya kabla ya kupima. Aina ya kawaida ya Kijapani, koikuchi, ina chumvi ya asilimia 16 hivi, na ile ya rangi nyepesi, usukuchi, ambayo wengi huidhania kuwa pole kwa sababu ya wepesi wa rangi yake, ina chumvi nyingi zaidi, kama asilimia 18 au 19. Vijiko viwili vya chakula vya koikuchi vina takribani gramu 5 za chumvi, nusu yake kwa kila mlaji, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Ndiyo maana hutaona agizo la kuongeza chumvi mahali popote katika mwongozo huu. Ukipenda chakula kiwe na nguvu zaidi, ongeza pilipili manga au tangawizi iliyokunwa badala ya soya.

Mchuzi huu uwe mchache. Mililita 55 zinaonekana hazitoshi kwa gramu 400 za tambi, na mkono hushawishika kuongeza, jizuie. Zikimiminwa mahali panapofaa na wakati unaofaa, zitapaka kila uzi.

Kukata na kupanga

Kabichi ikatwe vipande vya mraba vya sentimita 3 au 4, si nyuzi nyembamba, maana nyuzi hutoa maji haraka na kulegea. Bua nene la katikati litenganishwe na kukatwa jembamba, ili liive sawa na majani. Karoti ikatwe vijiti vyembamba, kitunguu vipande vya nusu sentimita, uyoga upanguswe kwa kitambaa badala ya kuoshwa, na mboga nyingine zote zilizooshwa zikaushwe vizuri. Nyama nayo ikaushwe kwa karatasi ya jikoni.

Kabla ya kuwasha moto, panga kila kitu karibu na jiko kwa utaratibu utakaotumika: nyama, kitunguu na karoti, kabichi na uyoga, tambi, mchuzi, vitunguu vya majani, mafuta ya ufuta, katsuobushi. Ukaangaji wenyewe utachukua dakika 7 au 8, na ukiondoka katikati kwenda kutafuta chupa kabatini, kabichi haitakungoja.

Kukaanga

Hatua ya 1. Tumia kikaango kipana kuliko vyote ulivyo navyo, cha sentimita 28 au zaidi, kwa sababu mvuke unahitaji eneo la kutokea. Kikaango cha chuma kizito kipashwe moto mkali kikiwa kitupu mpaka tone la maji likidondoka liruke na kutoweka. Kisichonata kipashwe kwa moto wa wastani kikiwa na mafuta tayari, kwa kuwa utando wake huharibika ukipata joto kali kikiwa kitupu. Usipike zaidi ya sehemu za watu wawili kwa mara moja. Kama walaji ni wanne, kaanga mara mbili. Kikaango kilichojazwa hupoa, maji hukusanyika chini, na chakula huishia kuchemka.

Hatua ya 2. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, au nusu yake kama nyama ni ya mafuta, kisha tandaza nyama kwa safu moja na uiache bila kuigusa kwa dakika 1. Kishawishi cha kukoroga ni kikubwa, lakini nyama inapata rangi ikitulia. Igeuze, ipike mpaka iive kabisa. Kwa kuku hakikisha hakuna sehemu yenye rangi ya waridi. Itoe na kuiweka kwenye sahani safi, si ile iliyobeba nyama mbichi.

Hatua ya 3. Katika mafuta yaliyobaki tia kitunguu na karoti, kaanga kwa dakika 1, kisha ongeza kabichi na uyoga. Endelea kwa dakika 2 hivi moto ukiwa mkali, ukigeuza mara chache. Kabichi inapaswa kung'aa na kupata madoa ya kahawia pembezoni, huku bua likiwa bado linatafunika. Ukiona maji yanakusanyika chini, acha kugeuza na uache kikaango kiyakaushe kwanza. Zitoe mboga hizo ziungane na nyama. Wapishi wengi huziacha kikaangoni na kuzitupia tambi juu yake; kwa jiko la nyumbani, ambalo moto wake haufikii ule wa mkahawa, naona ni bora kuzitoa, ili tambi zikutane na chuma kitupu chenye joto.

Hatua ya 4. Tia kijiko cha mwisho cha mafuta, sambaza tambi kikaango kizima, na uziache zitulie kwa dakika 1 na nusu. Mara ya kwanza utasikia mlio mzito wa maji yanayochemka, kisha mlio utakuwa mwepesi na mkavu zaidi. Hapo maji ya juu yamekwisha na ukaangaji umeanza. Hakuna saa inayoweza kukuonyesha wakati huo vizuri kuliko sikio lako. Zigeuze kwa vijiti vya kulia au koleo, ukiziinua kutoka chini badala ya kuzisukuma kwa mwiko, ambao huzikata, na uzipe nusu dakika nyingine. Kama bado zimeng'ang'aniana, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji au cha sake, yaani pombe ya mchele ya Kijapani, juu ya fundo lenyewe tu na usubiri sekunde kadhaa, mvuke utaziachanisha. Hapa ndipo pekee ninapoona sababu ya kuongeza maji.

Hatua ya 5. Rudisha nyama na mboga, changanya mara mbili tatu, kisha mimina mchuzi kuuzungusha kwenye ukingo wa kikaango, si juu ya tambi. Chuma cha ukingoni kikiwa kitupu kina joto la kutosha kuufanya mchuzi utokote papo hapo, na ile harufu ya soya iliyoungua kidogo, ambayo kwa wengi ndiyo kumbukumbu ya vibanda vya tambi vya sherehe za Kijapani, hupatikana hivyo tu. Ukimiminwa juu ya tambi, mchuzi uleule hunyonywa ukiwa mbichi na chumvi yake husikika peke yake. Geuza haraka kwa sekunde 30 au 40, mpaka chini pakauke na tambi zipate rangi moja.

Hatua ya 6. Zima moto. Tia vitunguu vya majani, mafuta ya ufuta na pilipili manga, geuza mara moja, na upakue bila kuchelewa.

Kupakua na kubadilisha

Nyunyiza katsuobushi wakati tambi bado zinatoa mvuke. Magamba hayo ni mepesi kiasi kwamba mvuke huyafanya yajikunje na kuchezacheza. Tangawizi nyekundu iliyotiwa siki, iitwayo beni shoga, inakata mafuta vizuri na ninaihesabu kuwa karibu ya lazima. Yai lililokaangwa upande mmoja, likiwekwa juu na kiini chake kikiwa laini, hugeuka kuwa mchuzi wa pili pindi linapopasuliwa.

Asiyekula nyama wala samaki aondoe katsuobushi na mchuzi wa chaza, kisha atumie uyoga wa shiitake uliokaushwa, ulioloweshwa na kukamuliwa vizuri, kwa sababu uyoga huo una kitu chake, guanilati, kinachoshirikiana na glutamati ya soya kama ifanyavyo katsuobushi. Tofu ngumu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa, inaweza kuchukua nafasi ya nyama, mradi ifungwe katika kitambaa na kuwekewa uzito kwa dakika 15 ili maji yatoke. Mtu asiyepatana na ngano anahitaji uangalifu zaidi kuliko kubadilisha tambi pekee: mchuzi wa soya wa kawaida nao hutengenezwa kwa soya na ngano, na mchuzi wa chaza wa dukani mara nyingi una ngano pia. Kwake zitafaa tambi za mchele pamoja na mchuzi wa soya wa aina ya tamari ulioandikwa wazi kwamba hauna ngano.

Mabaki yawekwe katika jokofu ndani ya saa 2, yakiwa katika chombo kilichofunikwa na bila katsuobushi, na yaliwe kesho yake au keshokutwa. Tambi zitakuwa zimekakamaa, na hilo ni jambo la kawaida kwa wanga uliopoa. Zipashe katika kikaango chenye mafuta kidogo kwa moto wa wastani, ukizifunika kwa dakika 1 ili mvuke wake wenyewe uzilainishe, kisha funua, ongeza moto, na uziache chini zikauke na kupata rangi kabla ya kuzigeuza.